Spidi ya mashine ya kukereza ikigoma: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kabla hujanunua bodi mpya

Mashine ndogo ya kukereza mbao ikianza kusumbua spidi, hukumu hutolewa haraka: "Bodi imekufa." Bodi, yaani saketi ya kielektroniki inayodhibiti spidi ya mota, ni kipande cha bei kubwa. Mara nyingi huagizwa kutoka nje, husubiriwa wiki kadhaa, na ikishafungwa mashine inaendelea na ugonjwa uleule, kwa sababu hitilafu ilikuwa kwenye brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zilizoisha, kwenye nobu iliyojaa vumbi, au kwenye skrubu ya puli iliyolegea. Nimeandika mwongozo huu ili usitupe pesa namna hiyo. Tutaanza na vitu vya bure, na bodi tutaigusa mwisho, baada ya kupata ushahidi kwamba ndiyo yenye kosa.

Ninazungumzia kerezo za mezani zenye mota ya DC na nobu ya kuongeza na kupunguza spidi, zile ambazo wengi wetu tunazo nyumbani kwa kuchonga bakuli, miguu ya stuli, michi na mipini. Kabla hujaendelea, soma kibandiko cha mota. Kikiandikwa DC 180V (mashine za umeme wa 230V) au DC 90V (mashine zilizotoka Marekani, za 110V), na ubavuni mwa mota kuna vifuniko viwili vya plastiki vya kufungulia kwa bisibisi, uko mahali pake. Kikiandikwa AC, 50Hz, na mizunguko 1400 au 2800 hivi kwa dakika, hiyo ni mota isiyo na brashi, na spidi yake hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. Usiifungie rigileta ya feni wala dima ya taa. Itanguruma, itapata joto na kuungua, na spidi hutaipata. Mota ya fezi tatu yenye kiendeshi chake cha kielektroniki nayo ni habari nyingine: kiendeshi hicho huonyesha namba ya kosa kwenye skrini, na maana yake imo kwenye kitabu cha mashine.

Usalama kwanza, na hapa sina mzaha

Toa mbao kwenye mashine kabla ya jaribio lolote. Toa na taya za kushikia mbao, acha mhimili (shafti inayozungusha mbao) mtupu. Wakerezaji wengi hufuata kanuni ya kuzidisha kipenyo cha mbao kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu libaki kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 8, yaani sentimita 20 hivi, linataka mizunguko 750 hadi 1125. Sasa fikiria bodi imeharibika na mota inaruka moja kwa moja hadi 3600 na bakuli hilo likiwa juu. Litapasuka, na vipande vyake vitakuja usoni kwako.

La pili ni umeme wenyewe. Bodi nyingi za spidi hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Maana yake, hata nyaya tatu nyembamba zinazokwenda kwenye nobu zinaweza kuwa na volti 230 kuelekea ardhini, ingawa zinaonekana kama nyaya za redio. Chomoa plagi kila unapotaka kugusa kitu ndani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Bodi zenye kapasita kubwa huhifadhi hadi volti 325 hivi hata baada ya kuchomoa. Subiri dakika tano, kisha pima kwa mita kwenye miguu ya kapasita. Ikibaki zaidi ya volti 5, imalizie kwa kugusisha balbu ya nyuzi ya 230V yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, halafu pima tena. Usiunganishe miguu yake kwa bisibisi.

Vifaa unavyohitaji si vingi: mita ya kidijitali, balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 na kishikio chake (ya LED haifai kabisa), betri ya gari au ya pikipiki ya volti 12, bisibisi, funguo za alen, brashi ya rangi laini na kalamu ya maka.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine imegoma kweli

Kerezo nyingi zina kinga ya kuanza. Ukiwasha swichi huku nobu iko katikati, mashine haitazunguka hadi uirudishe nobu sifuri kabisa, usikie "klik" kwa zile zenye swichi ndani ya nobu, ndipo uongeze. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi, hali hujitokeza hiyohiyo, na mtu hudhani mashine imeungua. Tazama pia kifuniko cha mkanda. Mashine nyingi zina swichi ndogo pale, na kifuniko kisipofunga sawasawa hakuna kitakachozunguka. Halafu fyuzi, kwenye plagi na kwenye bodi. Ipime kwa mita, usiiangalie kwa macho tu.

Hatua ya 2: Sikiliza mota

Hapa ndipo njia inapogawanyika, na sikio lako linatosha. Mashine ikizunguka, sikiliza mlio wa mota wakati mhimili unapoyumba au kupungua spidi. Mlio ukibaki uleule huku mhimili unapungua, mota na bodi ni wazima, na kosa liko kati ya mota na mhimili. Mlio wenyewe ukipanda na kushuka, kosa ni la umeme. Ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Mkanda na puli

Fungua kifuniko. Kwa kalamu ya maka, piga mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye puli hadi kwenye shafti, upande wa mota na upande wa mhimili. Rudishia kifuniko, endesha mashine, na bonyeza kipande laini cha mbao kwenye mhimili kuupa mzigo kidogo. Zima, chomoa, fungua. Mistari ikiwa imeachana, skrubu ya puli imelegea, na puli inateleza juu ya shafti. Kaza kwa funguo ya alen, na hakikisha ncha ya skrubu inakaa kwenye sehemu bapa ya shafti.

Mkanda wenye mistari ya urefu ukiwa umeng'aa upande wa ndani kama plastiki, umeshachoka. Angalia pia uko kwenye puli zipi. Kerezo nyingi zina ngazi mbili au tatu. Mkanda ukiwa kwenye ngazi ya kasi, halafu ukapunguza spidi kwa nobu hadi chini, mota haitakuwa na nguvu ya kukata, na utalaumu bodi bure. Mbao kubwa na nzito huchongwa mkanda ukiwa kwenye ngazi ya taratibu na nobu ikiwa imefunguliwa vizuri. Hapo mota inapoa na inavuta.

Kama kinachoyumba ni namba kwenye skrini tu, na mlio na mhimili vimetulia, tatizo ni kitambuzi cha spidi. Huwa ni kisumaku kwenye puli na kijicho kidogo mbele yake. Futa vumbi, na hakikisha kijicho kiko karibu na sumaku bila kuigusa.

Hatua ya 4: Umeme unaoingia

Pima volti kwenye soketi mashine ikiwa inafanya kazi chini ya mzigo. Ikiwa imezimwa, kipimo hakikuambii kitu. Eksitensheni ndefu na nyembamba inaweza kula volti nyingi mota inapovuta, na jioni mtaa mzima unapowasha majiko na pasi, umeme wenyewe hushuka. Spidi inayopungua saa moja usiku na kupona asubuhi haina uhusiano na bodi yako.

Kuna jambo ambalo watu wa sola na jenereta wanapaswa kulijua. Bodi za aina ya thairista (swichi ya kielektroniki) hufanya kazi kwa kusoma wimbi la umeme wa AC. Umeme wetu wa 50Hz una nusu-mawimbi 100 kwa sekunde, na thairista hufunguka mapema au kwa kuchelewa ndani ya kila nusu-wimbi. Ikifunguka mapema mota inapata volti nyingi, ikichelewa inapata kidogo. Ukiilisha bodi hiyo umeme wa inveta ya bei nafuu, ambao wimbi lake ni la ngazi-ngazi, inapoteza hesabu. Spidi inaruka, mota inanguruma, bodi inachemka. Jaribu mashine kwa umeme wa gridi, au kwa inveta ya wimbi safi, kabla hujafungua chochote.

Wenye mashine za 110V wanaotumia transfoma ya kushushia: tofauti ya 60Hz na 50Hz haiidhuru mota ya DC. Angalia tu kwamba transfoma ina wati za kutosha, angalau mara moja na nusu ya zile za mota.

Hatua ya 5: Brashi za kaboni

Chomoa plagi. Fungua kifuniko kimoja cha plastiki ubavuni mwa mota taratibu, kwa maana springi inasukuma. Kabla hujaivuta brashi nje, weka alama kwa maka kuonyesha upande wake wa juu. Brashi imeshajichonga kufuata mviringo wa komyuteta (pete ya shaba inayozunguka ndani ya mota), na ukiirudisha kinyume itagusa kwa ncha tu na kurusha cheche.

Iangalie kwa karibu. Ikiwa kaboni iliyobaki ni chini ya milimita 6 hivi, badilisha zote mbili kwa pamoja. Uso wake uwe laini na unang'aa kijivu. Ukiwa na mashimo au ukingo uliomeguka, badilisha. Springi iwe na nguvu, isiwe imebadilika rangi kwa joto. Brashi iteleze kwa uhuru ndani ya kishikio chake, kwa sababu vumbi la kaboni likichanganyika na vumbi la mbao huifanya inase, na brashi iliyonasa ndiyo inayotoa ile hali ya mota kuzunguka, kusita, kuzunguka tena ukiigonga kwa mkono.

Kwa kutumia tundu la brashi na tochi, tazama komyuteta. Rangi ya kahawia iliyosawazika ni afya. Weusi mzito au mistari mirefu inataka kusafishwa kwa kipande cha msasa laini sana wa mbao, huku ukizungusha shafti kwa mkono. Usitumie msasa wa chuma wenye kitambaa cheusi, kwa kuwa punje zake hubaki kwenye mifereji. Puliza vumbi lote nje. Brashi mpya ziendeshe bila mzigo kwa dakika 15 hadi 20, spidi ya kati, zijichonge mahali pake. Cheche ndogo za bluu ni kawaida. Moto unaozunguka komyuteta kama pete si kawaida, zima mara moja.

Hatua ya 6: Nobu na volyum iliyo nyuma yake

Sehemu hii ndiyo inayostahili subira yako, kwa maana ndiyo inayodanganya watu zaidi. Nyuma ya nobu kuna kile ambacho mafundi redio wanakiita volyum, na vitabu vinakiita potenshiometa. Ina miguu mitatu. Mguu wa katikati unapeleka kwenye bodi amri ya spidi, na miwili ya pembeni ni mwanzo na mwisho wa njia. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi la mbao, hasa la mbao kavu lililopigwa msasa, ni jembamba vya kutosha kuingia hapo.

Kwanza hakikisha nobu yenyewe haizunguki peke yake juu ya shina lake. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa, piga picha ya nyaya, zichomoe kwenye bodi, na uweke mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Kati ya miguu miwili ya pembeni utasoma thamani isiyobadilika, kwa kawaida omu 5000 au 10,000 hivi, na nobu ikizungushwa namba ibaki palepale. Sasa hamisha ncha moja ya mita hadi mguu wa katikati na uzungushe nobu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Namba ipande bila kuruka. Ukiona inapanda 2000, 2400, kisha ghafla inapotea, kisha inarudi 3000, umeshaupata ugonjwa wa spidi inayorukaruka.

Waya uliokatika nao una dalili zake, kutegemea mguu. Ukikatika ule wa upande wa sifuri, bodi nyingi huona amri ya juu kabisa, na mota inaruka hadi spidi ya mwisho hata nobu ikiwa chini. Hii ndiyo sababu nimesisitiza mhimili uwe mtupu. Ukikatika wa upande wa juu, mashine haianzi kabisa. Ukikatika wa katikati, mara nyingi mota inasita, inashtuka au inalala.

Dawa ya kusafishia saketi inaweza kurejesha volyum kwa muda. Inyunyize kidogo ndani, zungusha mara nyingi, iache ikauke kabisa. Lakini volyum mpya ni bei ya soda, na mimi naibadilisha. Ukienda dukani, soma herufi iliyo mbele ya namba. B5K au B10K ndiyo unayotaka, kwa sababu njia yake inapanda sawasawa. Zenye herufi A hutengenezwa kwa ajili ya sauti za redio. Ukiifunga kwenye kerezo, nobu itazunguka nusu nzima bila spidi kuongezeka, kisha mota itaruka mwishoni. Namba ilingane na ya zamani, na kama ya zamani ina swichi nyuma, na mpya iwe nayo. Baada ya kufunga, funika sehemu wazi kwa utepe wa umeme, usizibe tu mahali pa kutolea joto la bodi.

Hatua ya 7: Majaribio mawili yanayotoa hukumu

Kama umefika hapa na mashine bado inagoma, imebaki mota au bodi. Yatenganishe.

Jaribio la mota: plagi ikiwa nje, chomoa nyaya mbili za mota kutoka kwenye bodi na uzipeleke kwenye betri ya volti 12. Mota nzima ya DC ya 180V itazunguka taratibu, sehemu ya 15 ya spidi yake hivi, kwa mlio laini bila kusita. Ikisita mahali fulani kila mzunguko, komyuteta ina kosa. Isipozunguka kabisa na brashi ni nzima, mota ndiyo mgonjwa. Kisha pima omu kati ya waya wowote wa mota na mwili wake wa chuma. Mita isisome kitu. Ikisoma, kuna mvujo, mara nyingi ni vumbi la kaboni, na huo unaweza kuua bodi mpya siku ya kwanza.

Jaribio la bodi: mahali pa mota, funga ile balbu ya nyuzi. Funika kila kiungo, simama mbali, chomeka, washa, kisha zungusha nobu. Balbu iongezeke mwanga polepole kutoka giza hadi kung'aa, na ipungue vilevile. Ikifanya hivyo, bodi yako inaendesha spidi vizuri, na pesa za bodi mpya zibaki mfukoni. Ikiwaka mwanga mkubwa muda wote hata nobu ikiwa sifuri, na volyum umeshaithibitisha, thairista au transista ya bodi imepata shoti. Isipowaka kabisa, fyuzi, dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au njia ya bodi imekatika.

Balbu huvuta mkondo mdogo tu. Bodi inayopita jaribio hili lakini mashine inasita chini ya mzigo inataka marekebisho ya hatua ya 9, au ina kiungo kilichopasuka.

Hatua ya 8: Ndani ya bodi

Puliza vumbi. Tumia kioo cha kukuzia kutazama risasi ya kulehemu kwenye miguu ya vipande vikubwa: vituo vya nyaya, fyuzi, dayodi, thairista. Mtetemo wa mashine hupasua risasi, na utaona kipete cheusi chembamba kuzunguka mguu. Mashine inayofanya kazi dakika 20 kisha kupoteza spidi hadi ipoe, mara nyingi ina kiungo cha namna hiyo, au kipozea joto kilichofunikwa na vumbi. Choma risasi upya.

Thairista hupimwa kati ya miguu yake miwili ya umeme mkubwa: mita isipitishe upande wowote. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekufa. Dayodi ipitishe upande mmoja tu, na mita isome 0.5 hadi 0.7 hivi. Bodi zinazotumia transista, transista ikiungua huondoka na vipande vinavyoiendesha, kwa hiyo kubadilisha moja tu mara nyingi hakuponyi. Hapo ndipo mimi naagiza bodi.

Hatua ya 9: Kurekebisha, iwe bodi ya zamani au mpya

Bodi nyingi zina virekebishi vidogo vya bisibisi vilivyoandikwa MIN, MAX, IR na CL. Weka alama ya maka mahali kila kimoja kilipo kabla hujakigusa. Vingi vina umeme, basi zima, chomoa, geuza kidogo, washa, tazama.

MIN huamua mota inafanya nini nobu ikiwa chini kabisa. MAX huamua spidi ya juu. Pima volti za DC kwenye mota, zisipite zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. CL huzuia mkondo kupita kiasi, na ukiiongeza ili mashine ivute zaidi, utachoma mota. IR ndiyo muhimu kwa mkerezaji. Patasi inapouma mbao, mota hupoteza volti ndani yake, na IR huifanya bodi iongeze kufidia. Ikiwa chini, mota inalegea kila unapokata. Ikizidi, mota inapanda na kushuka yenyewe bila kuguswa, na wengi huchukulia hiyo kuwa bodi mbovu. Geuza IR chini hadi mawimbi hayo yaishe, kisha ongeza kidogo sana.

Bodi mpya angalia mambo mawili kabla ya kuwasha. Nyingine zina kiungo cha kuchagua 115 au 230, na ukikiacha vibaya utaichoma papo hapo. Bodi za KBIC, mfano mmoja unaokutana nao mara kwa mara, zina rizista ndogo ya kuchomeka inayolingana na nguvu ya mota. Ihamishe kutoka kwenye bodi ya zamani, ama ununue ya namba sahihi.

Ukishamaliza, endesha mhimili ukiwa mtupu kwa dakika 10, ukipandisha na kushusha nobu. Gusa mwili wa mota. Uwe vuguvugu tu. Kisha funga kipande kidogo cha mbao laini kati ya ncha mbili, anza na spidi ya chini, simama pembeni mwa mstari wa mbao, ndipo upandishe.